Maua ya Nyuma ya Kigango

Matiri, 10 Novemba 2024

Perpetua,

Mimi ni yule kijana wa kofia ya kijani aliyekubebea gunia la dagaa wa usipa pale sokoni Mbinga. Uliniuliza kitu, nikakujibu "sijui", halafu nikaondoka. Si kwamba sijui. Mtu akiniuliza kitu ana kwa ana maneno yanakimbia, yanarudi nikishafika nyumbani. Ndiyo maana naandika. Jina lako nimeulizia kwa Elias, konda wa gari la Mbamba Bay, na barua hii nimempa yeye akuletee Liuli. Usimkasirikie.

Uliuliza yale maua uliyoyaona juu ya Tingi ukiwa kwenye lori, yanatoka lini na mtu akitaka kuyaona aende wapi.

Sasa hivi milima imeungua, watu wamechoma nyasi. Ungepita leo ungesema hakuna kitu. Lakini ukiinama, humo humo kwenye majivu kuna ya njano, mafupi, hayana hata majani, yametangulia mvua. Mvua ikishakolea yanakuja meupe, ya bondeni, kule kwenye majimaji. Yale yako wewe, ya rangi ya waridi iliyoiva, yaliyosimama kama mishumaa, yale ni ya Januari. Barabarani usiyategemee tena. Mizizi yake watu wa huku tunaila, tunaita chikandi, kwa hiyo ya karibu yamekwisha. Lakini nitakutafutia mahali.

Samahani kwa mwandiko. Shule niliishia la tano.

Mimi Kilian


Liuli, 21 Novemba 2024

Kaka Kilian wa kofia ya kijani,

Kumbe unaongea! Nilimwambia shangazi, Mbinga kuna kijana nimemuuliza swali dogo, akakimbia kama nimemmwagia maji ya moto. Shangazi akasema huyo ana mke. Unaye? Jibu hilo kwanza.

Yale maua nilimwomba dereva asimame nikayaone, nikamdanganya nimebanwa haja. Akasema, "Jikaze dada, usipa unalowa." Basi yakapita. Huku kwetu mvua ikianza ni matope na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Tunawala, watamu, lakini si kitu cha kuangalia.

Nikwambie ukweli wote. Shangazi Benadetha ndiye aliyenilea. Kuna mtu anaitwa Frederick, ana boti ya injini, ameshatuma wazee. Shangazi anataka nimjibu kabla ya Kwaresima. Mimi nimemwambia sitamjibu mtu yeyote mpaka nione maua. Anadhani nimechanganyikiwa. Jana kaniuliza, "Mwanaume anayejua maua, shamba lake likoje?" Nikamwambia twende tukalione.

Kwa hiyo nikija, nakuja na shangazi. Unaelewa maana ya shangazi kuja, au nikuandikie kwa herufi kubwa?

Perpetua


Matiri, 22 Desemba 2024

Perpetua,

Mke sina. Kuhusu shangazi nimeelewa. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Nimepata mahali. Ni nyuma ya kanisa letu la kigango, ule mteremko unaoshuka mtoni. Watu hawafiki kwa sababu njia ina upupu. Nimepita nimewashwa siku nzima lakini nimeyakuta, machanga bado, majani tu. Nyasi zinakua haraka, nikaogopa ukija nitazunguka na wewe kama kipofu, basi kila mche nimeuwekea kijiti pembeni. Nimevimenya maganda, vyeupe, vinaonekana kwa mbali. Ukifika utafuata vijiti tu, wala sitahitaji kuongea.

Nyumbani nimesema wageni wanakuja kutoka ziwani, mama amefurahi sana. Maua sijasema. Hapa kijana mzima ukisema unaenda mlimani kuangalia maua, watakuuliza nani amekuroga. Mama ananiona natoka asubuhi nakwenda kule. Ananiuliza, "Unafuata nini huko?" Namwambia, "Naangalia tu." Ananitazama anacheka. Sijui anacheka nini.

Kilian


Liuli, 12 Januari 2025

Kilian,

Tunakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Shangazi ana magoti mabovu, huko mlimani hafiki, yeye atakaa na mama yako wapimane. Mwambie mama asihangaike na kuku, shangazi kuku anao wengi kuliko waumini wa parokia.

Nakuomba jambo moja. Usinichumie. Najua wanaume, utataka kunipokea na fungu mkononi kama Jumapili ya Matawi. Mimi nataka kuyaona yamesimama kwenye ardhi yake.

Nimesukwa nywele kwa ajili hiyo. Usicheke.

Perpetua


Liuli, 29 Januari 2025

Kwa Kilian,

Tulifika salama. Mwambie mama asante sana kwa mapokezi. Shangazi habari yake yote ni kile chakula mlichotupa, kile kinachokatwa kwa kisu. Alidhani ni maini. Aliongezewa mara tatu, mimi mara mbili, na mpaka leo anauliza kilipikwaje.

Sasa wewe. Ulinipeleka kule nyuma ya kigango, ukasimama, mikono umeificha mgongoni, ukasema, "Mvua zimechelewa, maua hayajatoka mwaka huu." Kilian, ulisema mvua zimechelewa huku matope yamekufika kwenye vifundo vya miguu. Nikanyamaza kwa heshima. Lakini macho ninayo. Nimeona vishimo. Udongo bado mbichi, mwekundu, shimo hapa, shimo pale, mteremko mzima. Na vijiti vyako vimelala chini, vyeupe, vimemenywa kama ulivyoandika. Kila kijiti na shimo lake.

Ungeniambia ulipata shida ukachimba ukauza, ningekuelewa. Nasikia kuna wanaonunua hiyo mizizi kwa magunia inakwenda Zambia. Lakini kunitoa Liuli, unitembeze kwenye upupu, halafu unidanganye juu ya mashimo yenyewe? Uliniona mjinga?

Nilikaa kwenye gari nimegeukia dirishani mpaka Mbamba Bay ili shangazi asinione uso.

Niandikie nani aliyachimba. Kwaresima haiko mbali.

Perpetua


Matiri, 2 Februari 2025

Dada Eme,

Shikamoo. Huko Tingi hamjambo na watoto? Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Wale wageni niliokueleza walikuja. Asubuhi mimi nilishuka Mbinga kuwapokea. Tuliporudi, chakula kilikuwa tayari, nikaingia jikoni kumsaidia mama kubeba. Nikaona chikandi. Sinia zima. Nikamuuliza, "Mama, hii umechimba wapi?" Akasema, "Si kule kule ulikoweka vijiti? Jana nilikwenda na jembe. Mwanangu umenisaidia, kila kijiti na mzizi wake, sijahangaika hata kidogo. Nilijua tu unawatafutia wageni chikandi, unaona aibu kusema."

Dada, yale ndiyo maua aliyokuja kuyaona Perpetua. Niliweka vijiti ayaone.

Ningemwambia nini mama? Alikuwa amevaa kile kitenge chake cha Pasaka. Amekesha anakausha mizizi motoni na kuitwanga, amechuja maji ya majivu mwenyewe, ametia karanga za mbegu. Nikabeba sinia nikapeleka. Nikakaa pembeni kabisa nikamwangalia Perpetua anakula. Alisema, "Mama, hiki kitamu." Akaongeza. Kila akitafuna mimi naangalia chini. Shangazi mtu akasema, "Kijana wenu mpole sana," mama akajibu, "Mpole, lakini anajua kutafuta." Nilitamani sakafu inimeze.

Halafu Perpetua akasema twende kwenye maua. Nikampeleka. Ningemwambia nini? Nikasema mvua zimechelewa. Ndicho kilichotoka mdomoni.

Aliyaona mashimo. Ameniandikia anauliza nani amechimba. Nikisema mama, mama ataonekana ni mtu wa namna gani, na yeye alifanya kwa heshima. Na kosa lenyewe si lake. Kijana wa huku akiweka alama kwenye ua lile, anaweka ya nini kama si ya kuchimba? Yeyote angechimba. Ningemwambia mapema, "Mama, naangalia maua," yasingetokea. Niliona aibu ya kuchekwa, sasa nina aibu hii ambayo hata usingizi hainipi.

Unanishauri nini?

Mdogo wako, Kilian


Tingi, 6 Februari 2025

Kilian,

Marahaba. Watoto wazima, mdogo ana mafua.

Wewe ni punda. Nimecheka, halafu nikaona huruma, halafu nikacheka tena. Umerithi kwa baba, naye alikuwa akibanwa na kiatu haambii mtu mpaka kidonda.

Nenda kwa mama umwambie. Mama si yai. Halafu mwandikie huyo msichana ukweli kama ulivyoniandikia mimi, neno kwa neno, maana kwenye karatasi hukosei. Usije ukajitia ushujaa wa kubeba lawama. Mwanamke akidanganywa mara ya pili hasahau, nakwambia mimi niliyeolewa.

Eme


Matiri, 9 Februari 2025

Perpetua,

Umeuliza nani alichimba. Nilichimba mimi. Hakuna mwingine.

Kusema mvua zimechelewa ulikuwa uongo. Nakuomba msamaha kwa hilo, na kwa nauli, na kwa nywele ulizosuka.

Sina zaidi.

Kilian


Matiri, 16 Februari 2025

Kwa mwenzangu Bibi Benadetha, Liuli,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi Mama Emerensiana. Mimi kalamu siijui, anayeandika ni mwanangu Kilian, mimi nasema yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno, na akimaliza anisomee nisikie kama limeachwa.

Elias wa kwenye gari amenifikishia ujumbe wako kwamba unauliza chikandi kinapikwaje. Nimefurahi mno. Nikajua kumbe hamkula kwa heshima tu. Nakutumia mizizi iliyokauka kwenye mfuko. Utaitwanga iwe unga. Maji ya majivu yachuje mara mbili, la sivyo yatawasha ulimi. Karanga usikaange sana. Koroga bila kupumzika, mpaka mwiko usimame, halafu acha kipoe ndipo ukate. Ukikata cha moto kinabomoka.

Mkipenda tena, msiogope kusema. Ile mizizi siku hizi ni ya kutafuta, mtu unaweza kuzunguka mlima ukarudi na kiganja kimoja. Lakini safari ile sikupata taabu, kwa sababu huyu kijana wangu alitangulia. Wiki nyingi alikuwa anatoka alfajiri anakwenda nyuma ya kigango, anaweka vijiti kila penye mche. Hakuniambia, ni mtu wa aibu. Nikafuata vijiti nikachimba bila yeye kujua, na kesho yake akawafuata ninyi Mbinga. Alipolikuta sinia jikoni alishtuka mpaka akashindwa kusema. Nadhani ni furaha.

Huyu anayeandika kalamu imesimama. Namwambia endelea.

Nimlee namna gani tena, mwenzangu? Baba yake alikufa akiwa mdogo. Maneno hana. Lakini akikupenda anakutafutia chakula pasipo na chakula. Mwambie Perpetua hivyo.

Wasalimu wote.

Mama Emerensiana

Nimeandika kila neno. Kilian.


Liuli, 23 Februari 2025

Kilian,

Shangazi hana miwani, barua za watu wote humu ndani nasoma mimi kwa sauti. Basi nilikaa barazani nikaanza kusoma ya mama yako. Walikuwepo na wanawake wawili wanaoanika usipa, wakasogea kusikia mapishi. Nikasoma majivu, nikasoma karanga. Nikafika kwenye vijiti, sauti ikakatika. Shangazi akasema, "Endelea, mbona umemeza?" Nikaendelea. Nilipomaliza, shangazi akaniuliza polepole, "Kwa hiyo vile tulivyokula…" Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi. Ndiyo maua yenyewe." Akajifunika uso na khanga. Mimi nilidhani analia. Kumbe anacheka, na alipomaliza kucheka akalia kidogo kweli.

Mimi sikucheka. Unajua nilifanya nini baada ya barua yako ile fupi? Nilikutangaza. Nilimwambia Elias wewe ni mwizi wa maua. Nikawaambia watu wote wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, hata wakapata jina la kukuita, sitaliandika hapa. Na maua nilikuwa nimeyala mwenyewe, nikaongezewa. Sasa nikipita wanauliza, "Vipi yule wako?" Natafuta njia ya nyuma.

Frederick nimemjibu. Nimemwambia hapana. Shangazi hajanigombeza.

Lakini wewe sijakujibu, usifurahi. Umenidanganya mara mbili. Ya kwanza uliogopa, ya pili ulikuwa unamkinga mama, nimeielewa, lakini ni uongo vilevile, tena ule wa pili niliuamini kuliko ule wa kwanza. Hilo linanitisha. Na mama yako mpaka leo hajui. Anadhani ulishtuka kwa furaha. Mimi nikiingia nyumba hiyo, kila atakaponiwekea sahani nitakuwa na siri kooni. Siwezi.

Mwambie. Kwa mdomo, si kwa kalamu. Ukishamwambia ndiyo uniandikie, na mimi nitakujibu kabla ya Pasaka.

Perpetua


Matiri, 2 Machi 2025

Perpetua,

Nimemwambia.

Nilimwambia jikoni, nimempa mgongo, naelekea mlangoni, kwa sababu nikimwangalia nisingeweza. Nikasema, "Mama, vile vijiti sikuweka vya chikandi. Perpetua alitaka kuona maua, nikaweka ili ayaone." Nikasema na yale ya mvua, na ile ya kusema nilichimba mimi. Yote. Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ameshika mwiko, amenitazama. Akasema, "Kwa hiyo nilimlisha mgeni kitu alichokuja kukitazama." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na barua ile uliniandikia, ukanisomea, ukaniacha nijisifu." Nikasema ndiyo.

Hakunipiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akawa hasemi na mimi. Chakula ananiwekea, anatoka nje. Alhamisi yote, Ijumaa yote. Jirani akiuliza chikandi cha wageni anajibu, "Kimekwisha," anaingia ndani.

Jana asubuhi akasimama mlangoni amebeba jembe begani. Akasema, "Nionyeshe." Nikamuuliza jembe la nini. Akasema, "Msimu huu wa ngolo kila mtu yuko shamba anachimba mashimo, mimi nionekane nazurura na mikono mitupu? Watasema nini?" Basi tukaenda, yeye na jembe lake.

Nyuma ya kigango hakuna kitu. Vishimo vimeanza kuota nyasi. Alisimama pale muda mrefu. Nikaona ana haya mbele yangu, mama yangu, anachezea ncha ya kitenge kama msichana. Sikujua nitazame wapi. Nikashuka mtoni kutafuta, sikutaka arudi hivyo. Ng'ambo ya maji, kwenye matete, nikayakuta machache. Msimu wake umekwisha, chini yamenyauka, lakini nchani bado yana rangi. Nikamwita. Akavuka, akaweka jembe chini, akachuchumaa.

Perpetua, alikaa pale mpaka mimi nikachoka kusimama. Halafu akasema, "Tangu msichana nachimba hiki kitu. Nikishaona jani, macho yangu yanakwenda chini. Hili ua sijawahi kulitazama."

Hakuligusa.

Wakati wa kurudi tukakutana na wanawake wanatoka kwenye mashamba ya ngolo, watu wengi, na jirani yetu mke wa Ignatio, ambaye ulimi wake unajulikana kijiji kizima. Akasema, "Mama Eme, na jembe safi hivyo, mmechimba nini huko mtoni?" Nikaona mama anafungua mdomo, na jibu rahisi lipo, mtu anasema mihogo, mtu anasema dawa. Mimi mwenyewe nilishakuwa nalo tayari. Akasema, "Hatujachimba. Tulikwenda kuangalia maua."

Walicheka, Perpetua. Mke wa Ignatio alikaa chini kabisa. "Maua! Mama na mwana!" Wakatusindikiza na kicheko mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Mama hakugeuka. Nilikuwa nyuma yake, naona masikio yake yanavyowaka. Yangu pia yaliwaka. Lakini hakuongeza neno la kujitetea, na mimi nikanyamaza vile vile.

Sikwambii njoo upesi yasikukimbie. Ukweli ni kwamba yanakwisha, labda utakuta mabua tu. Mwakani yatatoka, kama hatutayachimba, na hilo la kutochimba siwezi kukuapia kwa niaba ya kijiji kizima, nakuapia kwa nyumba yetu. Ukija kwa ajili ya maua, ngoja Januari. Ukija kwa jambo lingine, njoo siku yoyote.

Mama amesema safari hii atapika maharage.

Kilian